Kuufuata mlio wa karabai: Dar hadi Ujiji kwa treni, siku kwa siku

Nimerudi Dar wiki ya tatu sasa. Daftari langu lina madoa ya mawese, na simu ina picha karibu mia nne ambazo nusu yake ni za miguu yangu mwenyewe, maana nikiwa nanasa sauti mkono mwingine hubonyeza bila kuniuliza. Nimejaribu kuzipanga siku kwa siku. Palipochosha nimeruka.

Kwa asiyenijua: natengeneza muziki wa kompyuta. Nilianzia kwenye singeli, muziki wa kasi wa Dar, nikapunguza mwendo, sasa sijui naitwa nani. Wanaonisikiliza huniuliza ile “shhhh” inayopita chini ya biti zangu naitoa wapi. Siku zote nimejibu kwamba ni kelele tupu ya sinthesaiza niliyoichuja. Ni kweli, ila mwenzenu kwa miaka kumi nilikuwa naichuja ile kelele ifanane na karabai, ile taa ya mafuta ya kupampu, ya baba mdogo, na haijawahi kufanana.

Nilizaliwa Ujiji. Baba mdogo alikuwa mvuvi wa dagaa, na kabla sijaanza hata darasa la kwanza kazi yangu ya jioni ilikuwa kumshikia chupa ya spiriti wakati anawasha taa za kwenda ziwani. Mwaka huu niliamua kwamba vipande vipya havitakuwa na sauti hata moja ya kupakua mtandaoni. Nikaandika orodha: vishindo vya reli, karabai, honi ya Liemba ile meli kongwe ya ziwani, redio ya marehemu baba ikitafuta stesheni za Bujumbura na Bukavu usiku. Hiyo redio niseme mapema kwamba sikuipata. Iliuzwa zamani, na hakuna aliyekumbuka kwa nani.

Jumatano, 17 Septemba. Dar – Dodoma

SGR, treni ya reli mpya, daraja la kawaida, shilingi 31,000. Inaondoka kwa saa yake, inafika kwa saa yake, na kwa kazi yangu haina faida yoyote. Nilinasa dakika ishirini. Nilipozisikiliza baadaye kulikuwa na kiyoyozi, na mtoto anayeomba krispi. Reli za SGR zimechomelewa zikawa kipande kimoja kirefu, kwa hiyo gurudumu halikuti mwanya wa kugonga. Abiria wenzangu walikuwa wanasifia utulivu ule. Mimi nilikaa kama niliyeenda harusini nikakuta hakuna muziki.

Kwa atakayefuata njia hii: mjini Dodoma stesheni ya SGR na ile ya reli ya zamani haziko pamoja. Bodaboda alinitoza 5,000 kwa sababu ya begi. Usipange kuunganisha safari zote mbili siku hiyohiyo. Nililala gesti ya 25,000, maji ya ndoo, neti nzima.

Alhamisi, 18 Septemba. Dodoma, kusubiri na kuondoka

Treni iliyotarajiwa asubuhi ilifika saa tisa alasiri. Reli ya zamani ni njia moja, treni hupishana stesheni tu, kwa hiyo mmoja akichelewa huko mbele wote mnachelewa. Nilikaa chini ya mwarobaini na mama mmoja aliyekuwa na vikapu vitatu na chupa ya uji. Alinimiminia uji kwenye kifuniko bila kuniuliza jina. Baadaye nilimnunulia maandazi, akakasirika kidogo. “Nimekuuzia uji mimi?”

Nilikata daraja la pili kulala. Vyumba vya wanawake na vya wanaume ni mbalimbali, vitanda sita, na chetu kilikuwa na nesi anayekwenda Urambo, wanafunzi wawili wa chuo na bibi mmoja wa Nguruka ambaye kabla ya Bahi alikuwa ameshajua ukoo wangu wote.

Bahi ilipopita nikaenda kusimama pale mabehewa mawili yanapoungana, ambapo sauti ni kubwa kuliko popote. Hapo ndipo safari yangu ilipoanza hasa. Kila behewa lina seti mbili za magurudumu, moja kila mwisho, na kila seti ina ekseli mbili. Seti ya nyuma ya behewa la mbele na seti ya mbele ya behewa linalofuata hupita juu ya ungio la reli zikifuatana, ndiyo maana ukisimama pale unapata vishindo vinne, halafu kimya, halafu vinne tena. Nikahesabu kwa saa ya simu: makundi 58 kwa dakika. Zidisha kwa nne, 232. Nilicheka peke yangu mle gizani. Huo ndio mwendo wa singeli kabisa! Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba ule mwendo niliuokota uswahilini Dar nikiwa mtu mzima.

Niliporudi chumbani bibi akataka kujua nilikuwa nafanya nini huko mlangoni na waya masikioni. Nikamvalisha spika za masikio. Akasikiliza muda mrefu, amefumba macho.

“Sisi tukiwa watoto tulikuwa tunasema inasema: *ni-ta-fi-ka. Ni-ta-fi-ka.*”

Akazivua.

“Ila haisemi lini.”

Nikamwomba arudie karibu na maikrofoni. Alirudia mara moja, mara ya pili akakataa, kwamba utani haurudiwi.

Chakula: kuna behewa la chakula, wali kuku 8,000, kuku mgumu lakini wa moto. Mimi ningekushauri ule kwenye stesheni ndogo, dirishani. Mayai, viazi, kuku wa kienyeji aliyefungwa kwenye karatasi. Uwe na noti ndogondogo, maana treni haisubiri chenji yako.

Ijumaa, 19 Septemba. Tabora alfajiri, Kigoma usiku

Tuliingia Tabora saa kumi na moja alfajiri. Hapa reli inagawanyika, njia moja inakwenda Mwanza, nyingine Kigoma, na ya Mpanda inachepuka kule mbele Kaliua. Mabehewa hukatwa na kuungwa, na sauti ya chuma kushikana na chuma pale alfajiri, mji ukiwa umelala, ni kama mtu anafunga malango ya ngome. Nikashuka na kinasa sauti.

Mlinzi akaja. Si kwa ukali, ila alikuja na tochi.

“Dada, unapima nini?”

“Shikamoo baba. Sipimi, nanasa mlio.”

“Marahaba. Mlio wa nini?”

“Wa mabehewa.”

Alitazama mabehewa, akanitazama mimi. Nadhani alikuwa anaamua kama nina akili timamu. Nikamwekea kipande cha jana. Hapo ndipo alipolegea, akaanza kunieleza habari za dansi la Tabora, Kiko Kids, Tabora Jazz, jinsi mji huu ulivyokuwa na bendi zake wakati Dar inajisifu na zake. Kisha akaniambia nisogee upande wa kushoto, kwa kuwa injini inayohamisha mabehewa ingepita kulia na kuniharibia. Alikuwa sahihi. Akaninunulia chai ya tangawizi pia, na hela yangu akakataa. Lakini naomba mtu asiige: ulizia ruhusa kwanza. Mimi nilibahatika.

Nilinunua asali, lita moja 10,000. Asali ya Tabora ni ya porini, kwenye miombo, nyeusi na ina ukali kidogo. Ifunge mifuko miwili na uisimamishe. Mimi niliilaza. Ilivujia begini na kulowesha lile sponji la kuzuia upepo kwenye maikrofoni. Safari yote iliyobaki nilikuwa nanasa upepo na kufukuza nyuki.

Urambo nesi akashuka. Baada ya Kaliua ni miti, miti, miti, nikalala. Nguruka bibi akashuka pia, akaniachia karanga. Pale Nguruka madirisha yote yaligeuka soko: samaki, asali, ndizi, vyungu. Uvinza nilinunua chumvi ya 1,000 kwa sababu mama alikuwa hanunui chumvi nyingine. Chumvi ya Uvinza hutokana na chemchemi za maji ya chumvi, na watu wameichemsha pale tangu karne nyingi kabla ya reli.

Kigoma saa tatu usiku. Wajerumani walianza kuijenga reli hii Dar mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ukishuka pale usiku, mgongo ukiwa kama umepigwa, unawaelewa. Jengo lao la stesheni bado limesimama, jeupe, limelitazama ziwa. Harufu ilinipokea kabla ya mtu yeyote: dagaa, moshi, maji baridi.

Jumamosi, 20 Septemba. Ujiji

Daladala ya kutoka mjini hadi Ujiji ni 700, na ukikaa mbele unaulizwa maswali. Nyumbani nilikuta ugali wa muhogo na migebuka kwa mawese. Niruhusuni nisieleze. Nilikula mpaka shangazi akaondoa sahani kwa huruma.

Baba mdogo ameacha ziwa, magoti. Nilipomwambia nimekuja kunasa karabai alicheka mpaka akakohoa.

“Karabai? Mwanangu, nani ana karabai? Sasa ni taa za betri na sola. Hazina mlio, hazina mafuta, hazina kelele za mke kuhusu mafuta.”

Zake aliziuza chuma chakavu. Kilo kwa kilo. Sikuonyesha uso, nikatoka nje.

Jioni akanichukua barazani kwa wazee wa kahawa. Kahawa chungu kikombe 200, kashata 200. Nikauliza habari ya honi ya Liemba, kwa vile meli yenyewe ilikuwa imesimama kwa matengenezo na haikuwa inapiga honi ya safari. Kosa! Au bahati. Walianza na historia, kila mmoja akimkata mwenzake: ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande kwenye masanduku, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe, injini wakazipaka grisi kwanza, na Waingereza walipokuja kuiopoa wakakuta bado inafaa. Tangu 1927 inaitwa Liemba.

Kisha likaja swali la honi. Mmoja akasema ilikuwa nzito, akaiga, *buuuuu*. Wa pili akasema hiyo ni meli nyingine, Liemba ilikuwa inapanda kidogo mwishoni, akaiga ya kwake. Wa tatu, aliyewahi kubeba mizigo bandarini, akawaambia nyote mlikuwa mbali, mimi nilikuwa chini yake, na akaitoa kutoka tumboni hasa. Kwa muda wa kama dakika nne wazee watatu walipiga honi barazani Ujiji, hakuna anayekubali kushindwa, watoto wamejaa, mbuzi amekimbia. Kinasa sauti kilikuwa mezani, karibu na kashata, taa yake nyekundu inawaka.

Hiyo ndiyo besi ya kipande cha pili. Sikuongeza kitu. Sauti zao hazikulingana, na pale zinaposuguana kifua kinatetemeka.

(Aliyekuja kutalii: kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapa mwaka 1871, ipo mwendo wa miguu tu, na miembe. Nenda asubuhi. Halafu rudi barazani, ndiko kuna mambo.)

Jumapili, 21 Septemba. Katonga na Kibirizi

Mmoja wa wazee wale alikumbuka kwamba mvuvi mwenzao wa zamani, anayeishi kule Katonga, hajawahi kutupa kitu maishani mwake. Tukaenda na baba mdogo kwa bajaji. Kweli. Karabai ilikuwa imening’inia jikoni, nyeusi ti, buibui ndani ya kioo. Mzee akasema tuichukue kwa sharti moja, isitoke uani kwake. Pampu ilihitaji ngozi mpya, akaikata kwenye kiatu. Kitu kimoja kilikosekana: kile kitambaa chepesi cheupe cha kufunga kwenye bomba, ambacho ndicho hasa hutoa mwanga.

Maduka manne ya mtaa wa Mwanga, Kigoma mjini, hakuna. Kijana mmoja wa duka la tano hakuwahi kukiona, akaniuliza kama ni cha mgonjwa. Tukaenda Kibirizi, mwaloni, yanakotia nanga maboti ya Kongo. Chanja za dagaa zimejaa, jua kali, harufu inashika nguo. Mama mmoja mfanyabiashara wa kutoka ng’ambo, anayeleta vitenge, alisikia tunavyoulizana. Akafungua mzigo, akafungua mfuko ndani ya mzigo, akatoa viwili. Alikuwa anavipelekea mteja mwingine. “Chukua tu, ye nitamwambia boti ilichelewa.” Alikubali 4,000 kwa vyote.

Nikauliza pia kama ningeweza kutoka na mitumbwi usiku ule. Mwezi haukuwepo, giza lile wavuvi wanalolipenda, maana kukiwa na mbalamwezi dagaa hawaifuati taa. Vijana wakatazamana. Mwanamke haingii chomboni akienda kuvua, ndivyo ilivyo. Mmoja alitaka kunibishania, wengine wakamwambia na wewe shuka. Sikulazimisha. Nina maoni yangu juu ya mwiko ule, lakini mtumbwi si wangu, na samaki wakikosekana nitalaumiwa mimi. Nilikaa ufukweni nikatazama taa zikijipanga ziwani kama mji mwingine. Kimya kabisa. Kinasa sauti kilipata mawimbi na redio ya mtu.

Kumbuka ukija kwa ajili ya uvuvi: uliza kwanza kama ziwa limefunguliwa. Mwaka 2024 lilifungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane.

Jumatatu, 22 Septemba. Katonga, uani

Mafuta ya taa lita moja, karibu elfu tatu. Spiriti, duka la dawa.

Baba mdogo aliwasha mwenyewe. Kwanza kitambaa kinachomwa mpaka kiwe jivu lililoshikana, na tangu hapo usikiguse hata kwa pumzi. Halafu spiriti kwenye kikombe kidogo, kupasha bomba moto. Halafu pampu: *chwi, chwi, chwi*. Mafuta yakifika juu yanageuka mvuke, mvuke unatoka kwa nguvu kwenye tundu dogo kama la sindano, na hapo ndipo mlio unapozaliwa. Taa ikapanda, nyeupe, ua mzima ukawa mchana.

Nikanasa. Nikasikiliza. Sivyo.

Ulikuwa mlio mwembamba, mkavu, kama chujio langu tu. Nikasogeza maikrofoni, nikaiondoa, nikaiweka juu ya kiti. Nilianza kuona aibu, kwa ngozi ya kiatu cha watu na vitambaa vya mteja wa watu. Baba mdogo aliniangalia nikihangaika, kisha akasema: “Wewe ulikuwa huku.” Akaonyesha kwa mkono, kimo cha goti lake. Akaiweka taa chini, juu ya debe tupu, akaniambia nichuchumae.

Nikachuchumaa. Ulikuja. Si wote, lakini debe liliunguruma chini yake, na ardhi ilikuwa karibu. Nikanasa dakika sita hivi kabla nondo hajajirusha ndani. Kitambaa kikavunjika, moto ukaruka, mzee akatukana kwa Kiha.

Kilibaki kimoja. Tukarudia yote. Safari hii tulipata dakika kumi na moja safi, hata mbwa walinyamaza. Nikainua kidole, inatosha, na baba mdogo, bila kuambiwa kwamba bado nanasa, akafungua skrubu ya upepo kuizima.

*Shhhhiiiiuuuuu.*

Mlio ukashuka, ukashuka, mwanga ukageuka manjano, wekundu, giza. Mimi nilikuwa nimechuchumaa palepale na machozi yamenitoka bila sababu ninayoweza kuwaeleza vizuri. Jioni nilikuwa nawasha naye, ndiyo, ila alfajiri mitumbwi ilikuwa inarudi na taa zinazimwa moja baada ya nyingine pale nje ya dirisha, na mimi nikiwa bado kitandani. Ule mlio wa kushuka ndio uliokuwa unaniamsha. Nilikuwa nimeusahau kabisa. Miaka kumi nachuja mlio wa kuwaka.

Mzee wa Katonga akauliza kama tumemaliza, maana karabai ikae mahali pake.

Kurudi

Basi. Sina la kusimulia ila magoti. Jumla ya safari, pamoja na zawadi za nyumbani na sponji jipya la maikrofoni, ilipita kidogo 400,000. Ndege ingenila zaidi ya hapo na nisingesikia kitu.

Kipande cha kwanza kimekamilika juzi. Vishindo vya treni viko kwenye mwendo wao, 232, sikuvinyoosha hata pale treni inaposita. Sauti ya bibi inaingia mara moja tu, kwa kuwa utani haurudiwi. Mwishoni karabai inazimwa. Nilimtumia baba mdogo kwenye WhatsApp, akakaa siku mbili kimya, kisha akatuma ujumbe wa sauti. Kikohozi kwanza. Halafu:

“Nimesikia. Umezima mapema, dagaa bado.”

Nimeurefusha kwa sekunde kumi na mbili.